Ukuta Uliokaa Kati ya 47 na 48

Ninyi vijana mnaosomea kompyuta, nasikia mnacheka mkiambiwa mgeuze anwani ya mtandao kuwa sifuri na moja. Mnasema siku hizi kuna programu ya kila kitu, ya nini kujichosha? Chekeni tu. Mimi Mama Katungu wa mtaa wa Majengo, niliyepanda minara ya antena mpaka magoti yakasema basi, nimestaafu na nina nafasi ya kutosha ya kubishana nanyi. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha kompyuta za mahema ya wakimbizi, zahanati na ofisi za msaada, hapa Goma na kando ya barabara ya Rutshuru, miaka ambayo vita vilikuwa vinakuja na kurudi kama mgeni asiyejua kuaga. Nimeona mengi, na mengine sitaki kuyasimulia. Lakini kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni hizo sifuri na moja mnazozicheka. Mpaka leo nikizifikiria mwili unanisisimka.

Aliyenifundisha ni Papa Kambale, Mungu amlaze pema. Kabla ya kompyuta alikuwa mtu wa foni, ile redio ya kupigia kelele kutoka mlima hadi mlima. Wakati wakimbizi walipojaa mji huu, yeye ndiye aliyekuwa akitaja majina ya watoto waliopotea, herufi moja moja, kila herufi na mji wake: M ya Masisi, S ya Sake, B ya Butembo. Mkewe, Mama Kavira, alisema mazoea hayo hata nyumbani hakuyaacha. Akitaka chumvi mezani anapaza sauti, "Chumvi! C ya Congo!" Watoto wake wakawa wanamjibu, "Tumekupata, Papa, ongea!"

Basi antena zilipokuja, Papa Kambale hakung'ang'ania foni yake kama wazee wengine. Alijifunza upya, akiwa na mvi kichwani, na alichojifunza alikipenda kama mtu aliyeoa mara ya pili. Siku ya kwanza aliponipokea kazini hakunionyesha kompyuta. Alinipeleka kwenye meza ya mkewe sokoni, pale Mama Kavira anapouza maharagwe, akaokota mawe manane meusi ya volkano na kuyaandika kwa chaki: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Kila jiwe uzito wake ni mara mbili ya lile linalofuata.

"Ile ya cent vingt-huit mutapimia nini? Tembo?" Mama Kavira aliuliza, akionyesha jiwe la 128.

"Mama, acha tufanye kazi," Papa Kambale akajibu, kisha akanigeukia. "Katungu, nipimie arobaini na nane. Kila jiwe unaweka mara moya, ao unaacha."

Nikaweka 32 na 16. Rahisi.

"Sasa arobaini na saba."

Nikadhani nitapunguza kidogo tu, maana ni moja tu imetoka. Wapi! Nililazimika kuliondoa jiwe la 16, kisha kuyaita mawe ya 8, 4, 2 na 1 yote yaingie. Namba moja imeshuka, na mawe matano yamehama. Papa Kambale akanieleza kwamba jiwe lililowekwa linaandikwa moja na jiwe lililoachwa linaandikwa sifuri, na kwamba hakuna namba kuanzia sifuri hadi 255 ambayo mawe haya manane yanashindwa kuipima, na kila namba ina njia yake moja tu ya kupimika, haina ya pili. Nilijaribu kumkamata. Nilimtajia namba moja baada ya nyingine mpaka wateja wa Mama Kavira wakaanza kununua kwa jirani yake, na hakuna hata moja iliyokwama. Nani alipanga jambo hili? Mimi si mtu wa kusali sana, lakini siku ile nilirudi nyumbani kimya kama natoka misani.

Anwani ya mtandao ni makundi manne ya mawe hayo. Mkiona 10.20.47.6, mnaona namba nne. Mashine inaona mawe thelathini na mawili yamepangwa mstari. Na pamoja na anwani kuna kitu kinaitwa barakoa, ambacho kazi yake ni kusema mawe mangapi ya mwanzo ni jina la ukoo na mangapi ya mwisho ni jina la mtu mwenyewe. Mashine mbili zikiwa na jina moja la ukoo, zinaongea moja kwa moja. Zikitofautiana, kila moja inamwona mwenzake kama mtu wa mbali, na bila mashine ya katikati ya kupitisha ujumbe haziongei, hata zikikaa meza moja. Hapo ndipo mnapotakiwa kuelewa kabla ya kubonyeza.

Papa Kambale alipoona nimeelewa mawe, akaniambia niifundishe kompyuta ifanye kazi ileile, kwa lugha ya Python. Mara ya kwanza nilitumia neno bin, likanirudishia 48 kama 0b110000 na 10 kama 0b1010. Urefu tofauti, mistari haifuatani, hakuna kinachoonekana. Papa Kambale alivaa miwani yake, akaangalia, akasema, "Umefukuza basifuri ba mbele. Sifuri nayo iko na kiti yake. Hata kama haina kitu, iache ikae." Neno hilo nimelitumia hata kwenye mambo yasiyo ya kompyuta. Nikaandika upya:

anwani = "10.20.48.7"
for namba in anwani.split("."):
    print(format(int(namba), "08b"), end=" ")

Split inakata anwani kwenye nukta. Int inageuza maandishi kuwa namba, maana kabla ya hapo ni maandishi tu. Ile 08b ndiyo siri yote: b ni ya sifuri na moja, 8 ni viti vinane, na 0 ya mbele inasema kiti kisicho na mtu kiandikwe sifuri. Sasa mnayo maktaba inayofanya haya kwa neno moja na mimi sina ugomvi nayo. Itumieni. Ila andikeni hii angalau mara moja kwa mkono wenu, mpange anwani mbili juu na chini, kisha mtulie mziangalie. Hamtajuta.

Sasa niwasimulie kwa nini nasema hivyo.

Wakati ule mapigano yalikuwa yameshuka upande wa Kibumba. Watu walikuja kwa barabara ya Rutshuru, na magodoro kichwani, na mbuzi, na viazi vilivyong'olewa kabla ya wakati. Kambi ikaota kaskazini mwa mji juu ya mawe makali ya volkano. Katika kambi kuna sheria moja inayoheshimiwa kuliko zote: usikate mstari. Mstari wa maji, mstari wa unga, hata mahema yenyewe yalipangwa kwa mstari. Watu wa kilima kimoja wanakaa pamoja, wanaofuata wanashika pale wa kwanza walipoishia. Ukiruka nafasi, unaleta vita vingine ndani ya vita.

Sisi tulikuwa na mahema yetu ya uandikishaji, na tulizipa kompyuta zake anwani kwa sheria hiyohiyo. Ofisi ilitupa sehemu ya kuanzia 10.20.32, na barakoa yake, 255.255.240.0. Hema la kwanza likapata 32, la pili 33, tukashuka hivyo mstari mmoja mpaka 47, hema nililokaa mimi. Kisha huko Keshero, karibu na ziwa, kikafunguliwa kituo cha watoto waliopotezana na wazazi njiani. Tukakiunganisha na kambi kwa antena. Kikapata namba gani? 48, bila shaka. Ndiyo iliyofuata kwenye mstari. Hakuna mtu katika Goma nzima ambaye angetoa namba nyingine. Taa ya antena ikawaka kijani, tukapeana mikono, Papa Kambale akatununulia soda.

Kazi ya mtandao ule ilikuwa moja. Kila mtoto aliyeokotwa alipigwa picha na kuandikwa kwenye kompyuta ya mahali alipo. Mzazi hakuruhusiwa kuingia kwenye kituo na kunyoosha kidole, kwa sababu kuna watu wabaya wanaojifanya wazazi. Alikuja kwanza hemani kwetu, anaeleza mtoto wake, nasi tunatafuta kwenye kompyuta zote na kumwonyesha picha.

Palikuwa na mama mmoja wa Kibumba, Mama Uwimana, mkulima wa kabichi. Alipotezana na binti yake mdogo barabarani, mkono ulichomoka kwenye msongamano wakati mabomu yanaanguka. Kila asubuhi alikuja na kusimama kwenye mstari. Kila asubuhi nilitafuta msichana wa umri ule, kompyuta inaandika: hakuna. Namwambia hakuna. Anasema asante, anaondoka, na kesho yake yuko tena kwenye mstari.

Siku ninayoisema, milio ya mizinga ilikuwa imekaribia mji na simu zilikuwa zimekatika tangu asubuhi. Dereva aliyetoka Keshero alileta habari kwamba watoto wa kituo wangepandishwa boti alasiri ileile na kupelekwa ng'ambo ya ziwa kwa usalama wao. Wakishavuka, nani angejua watasambazwa wapi? Mama Uwimana alikuwa mbele yangu aliposikia. Kompyuta ilikuwa imetoka kuandika tena: hakuna. Safari hii hakusema asante. Alikaa chini palepale, kwenye mlango wa hema.

"Mama, inuka, batu banangoya," mlinzi akamwambia.

Aliniangalia mimi. "Mama Katungu, ile mashini yenu inaangaliaka fasi yote?"

"Inaangalia fasi yote, mama, kila mahali."

"Uko na hakika?"

Swali lake lilinichoma. Nikarudi kwenye kompyuta, na badala ya kumtafuta binti yake nikaiomba inionyeshe watoto wote wa Keshero, wakubwa kwa wadogo, wasichana kwa wavulana. Ikaandika: hakuna. Nikasoma tena. Kituo kizima kimejaa watoto mpaka wanalala wawili wawili, na mashine inasema hakuna mtoto! Hapo ndipo nilipoelewa. Ile programu, ikiuliza mahali na isijibiwe, ilikuwa inaandika neno lilelile inaloandika ikijibiwa kwamba mtoto hayupo. Wapendwa, mkiandika programu yoyote maishani mwenu, msiiache iseme hakuna wakati ukweli ni kwamba haijui. Siku hizo zote tulimwambia mama yule uongo kwa adabu nzuri kabisa.

Nikamwita Papa Kambale. Akatoka nje, akatazama antena: taa kijani. Akatikisa waya: mzima. "Rezo inapita," akasema, na rezo ndiyo mtandao. "Juu ya nini haijibu?" Nikafungua kile kiprogramu changu, nikaweka anwani yetu, na ya Keshero chini yake, na barakoa chini kabisa:

00001010 00010100 00101111 00000110
00001010 00010100 00110000 00000111
11111111 11111111 11110000 00000000

Angalieni pamoja nami. Palipo na moja kwenye barakoa, mistari miwili ya juu lazima ifanane, maana hilo ndilo jina la ukoo. Kundi la kwanza linafanana. La pili linafanana. Kundi la tatu: sifuri na sifuri, sifuri na sifuri, moja na moja, halafu sifuri juu, moja chini. Hapo hapo, kwenye jiwe la mwisho la ukoo, jiwe la 16, lile lile tunaloliondoa tukishuka kutoka 48 kwenda 47. Mashine ya hema letu na mashine ya Keshero zilikuwa koo mbili tofauti.

Sijui niseme nini mnielewe. 32 na 47, zilizo mbali hivyo, ni nyumba moja. 47 na 48, zinazofuatana, zina ukuta katikati, na ukuta huo haukujengwa na mtu yeyote. Ulikuwa umekaa ndani ya namba tangu namba zilipokuwepo, sisi tukapita juu yake tukihesabu kwa furaha. Tarakimu moja. Sifuri upande huu, moja upande ule, na katikati mama na mtoto wake. Niliogopa. Nasema ukweli, niliogopa kama mtu aliyefungua mlango na kukuta shimo.

Papa Kambale aliweka kidole kwenye kioo, akakishusha taratibu kutoka ile sifuri hadi ile moja. "Eeh! Kumbe njo pale," akasema kwa sauti ya chini. "Njo pale kabisa. Yesu wangu."

"Papa, tubadilishe adrese ya Keshero?"

"Na nani atabadilisha kule? Simu haiko. Mutu akienda na pikipiki, atakuta bato imeshatoka." Akafikiri, akijikuna mvi. "Apana gusa Keshero. Mashini yetu, ipatie adrese ya pili, ya ukoo ya Keshero. Mutu mwenye kuwa na nyumba mbili, nani atamufungia mulango?"

Mnaona akili ya mzee? Kompyuta moja inaweza kubeba anwani mbili kwa wakati mmoja, kama nusu ya Wanande wa mji huu walivyo na nyumba Goma na nyumba Butembo. Nikaiongezea yetu 10.20.48.200, barakoa ileile. Nikauliza Keshero upya. Majina ya watoto yakaanza kushuka, mengi, mengi, kioo kikajaa, na wote tuliokuwa hemani tukapiga kelele. Walikuwa huko siku zote.

"Mama Uwimana, kuya," nikamwita.

Nilitafuta jina la binti yake: halikuwepo. Nilimwona anavyojikaza. Lakini walikuwepo watoto walioandikwa bila jina, wale ambao tangu waokotwe hawajatamka neno. Nikafungua picha zao. Ya kwanza, akatikisa kichwa. Iliyofuata, akatikisa kichwa. Mtandao ulikuwa dhaifu, kila hema lilikuwa linautumia, na kila picha ilishuka kutoka juu, mstari baada ya mstari, kwa shida. Nikawaza kwamba picha nayo ni mawe yaleyale, lililowekwa na lililoachwa, yanaruka hewani juu ya Majengo na juu ya watu wote wale wenye hofu, na hakuna hata moja linalokosea kiti chake. Nilitamani kupiga magoti.

Picha nyingine ikaanza. Zikaonekana nywele tu, uso bado. Upande mmoja wa kichwa umesukwa vizuri, mistari myembamba iliyonyooka. Upande wa pili nywele zimesimama hovyo, hazijaguswa. Nikadhani picha imeharibika njiani, nusu imeingiliana na ya mtoto mwingine. Nikapeleka mkono niifunge.

Mama Uwimana akaukamata mkono wangu kwa nguvu. "Wacha! Njo yeye, mutoto wangu."

"Mama, uso haijafika. Tungoye."

"Njo yeye, nakuambia. Nilikuwa namusuka. Nilimaliza upande moya, bombe ikaanguka, tukakimbia."

Uso ukafika. Macho makubwa, mdomo umefungwa. Mama yake hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na Papa Kambale alikuwa ameshatoka nje kumtafuta dereva. Nikaandika kwa Keshero, kwa kompyuta ileile, kwamba mtoto wa picha hii asipandishwe boti, mama yake yuko kwetu na anakuja sasa hivi. Jibu likarudi kwamba wamemtoa kwenye mstari, amekaa kwenye benchi, anangoja. Nikamsomea.

Mama Uwimana alikuwa tayari amesimama, amekaza kitenge chake kiunoni. Mlangoni akageuka.

"Baandikie neno ingine," akasema. "Basimufumue nywele. Nakuya kumaliza."